Ekskaveta inamwaga moshi mweusi ikichimba: pima hewa na mzigo kabla ya kushusha pampu

SWALI: Nina ekskaveta ya tani 20 yenye injini ya silinda sita na turbo. Pampu yake ya dizeli ni ile ya kawaida isiyo ya kompyuta, na mtambo una saa 9,000. Ikinguruma bila kazi haina tatizo. Nikianza kuchimba inamwaga moshi mweusi mzito, mwendo wa injini unashuka na nguvu zinapotea. Asubuhi ikiwashwa hutoa moshi mweupe kwa dakika mbili tatu, kisha unakata. Nozeli zote sita (ncha zinazopuliza dizeli silindani) zimebadilishwa na hali ni ileile. Sasa fundi anataka kushusha pampu ya dizeli. Nimruhusu?

JIBU: Usimruhusu kwanza. Katika ugonjwa wa moshi mweusi pampu ni kati ya vitu vya mwisho kushushwa, na katika hayo uliyoeleza hakuna kipimo hata kimoja kinachoinyooshea kidole.

Moshi mweusi ni masizi, yaani dizeli iliyoingia silindani ikakosa hewa ya kuiunguza yote. Hali hiyo hutokea kwa njia tatu. Hewa imepungua, au dizeli imezidi au imepulizwa vibaya, au injini imetwishwa mzigo mkubwa hadi mwendo ukaanguka na turbo ikashindwa kuisukumia hewa inayohitaji. Fundi wako amehangaika na njia ya pili peke yake. Njia ya kwanza na ya tatu hazijaguswa, na zote mbili hupimwa kwa geji za bei ndogo bila kufungua injini.

Dalili moja uliyoitaja inasaidia sana. Injini inayopoteza nguvu bila kutoa moshi ina njaa ya dizeli: filta imeziba, pampu ndogo ya kuvutia imechoka, au bomba linanyonya hewa mahali. Injini inayopoteza nguvu huku ikimwaga moshi mweusi, dizeli inayo; inachokosa ni hewa, au imezidiwa na kazi. Yako iko kundi la pili. Kwa hiyo kubadilisha filta za dizeli, ambako wengi hukimbilia, hakutaondoa moshi huu.

Kwanza hakikisha rangi

Macho hudanganya, hasa jua likiwa nyuma ya moshi. Funga kipande cha karatasi nyeupe kwenye fimbo ndefu, ukishike kwenye mdomo wa ekzosi kwa sekunde kumi hivi wakati moshi unatoka. Masizi makavu yanayofutika kwa kidole ni moshi mweusi halisi. Matone ya mafuta yanayobaki yakiteleza ni oili, hata kama angani ulionekana wa kijivu. Doa linalonuka dizeli na kuifanya karatasi ipitishe mwanga ni dizeli isiyoungua. Unyevu unaokauka bila kuacha alama ni mvuke wa maji.

Andika pia moshi unatoka wakati gani: injini ikiwa baridi, ikinguruma bila kazi, unapopiga resi ghafla, chini ya mzigo mzima, au unapoachia. Wingu jeusi la sekunde moja unapopiga resi si ugonjwa kwa injini ya aina hii, kwa sababu dizeli hufika kabla turbo haijashika kasi. Moshi unaoendelea muda wote ndoo ikiwa ardhini ndio wa kushughulikia.

Njia ya hewa, kuanzia mdomoni

Usiihukumu filta ya hewa kwa kuitazama. Kuna filta inayoonekana chafu na bado inapitisha hewa vizuri, na kuna iliyopulizwa kwa kompresa ikaonekana safi ilhali vumbi laini limejaa ndani ya karatasi yake. Pima mvutano. Unganisha geji ya vakyumu, au mrija mwangavu wenye umbo la U uliotiwa maji, kwenye tundu lililo kati ya filta na turbo, kisha ufanye mtambo uchimbe. Kwa injini nyingi za turbo kikomo ni karibu kPa 6.2, sawa na tofauti ya sentimita 63 za maji kwenye mrija. Ikipita hapo, badilisha filta ya nje. Ile ndogo ya ndani haisafishwi kamwe, hubadilishwa tu. Ukikuta filta ya ndani ina vumbi, ya nje imepasuka au haikukaa sawa, na injini imekwisha kula mchanga. Jambo hilo tutalirudia kwenye ringi, yaani pete za pistoni.

Kama huna kipimo chochote, toa filta ya nje kwa dakika chache mahali pasipo na vumbi, ukiiacha ya ndani, kisha ujaribu mtambo kwa mzigo. Moshi ukipungua waziwazi, umepata. Usichimbe hivyo kazini, hata kwa saa moja.

Angalia pia mpira wa kuingiza hewa kati ya filta na turbo. Mpira uliozeeka huonekana mzima injini ikiwa imezimwa, lakini chini ya mvutano mkubwa tabaka lake la ndani hujikunja na kuziba njia. Ubonyeze kwa mkono ukiwa na joto. Ukiwa laini kama kitambaa, utoe.

Kutoka turbo kwenda kwenye injini hali hugeuka: sasa hewa iko kwenye presha, na tatizo si kuziba bali kuvuja. Klampu iliyolegea, mpira uliochanika upande wa chini usioonekana, au intakula (kipoza hewa inayotoka turbo) iliyopasuka kwenye kona, vyote vinaweza kutupa nje sehemu kubwa ya hewa ambayo turbo imeihangaikia. Mara nyingi utaona mstari wa masizi na oili kidogo mahali panapovuja, na opereta makini husikia mluzi au mvumo unaoongezeka na mzigo. Usiridhike na kusikiliza. Fungua mipira miwili ya intakula, ziba midomo yake kwa vizibo maalumu vyenye mnyororo wa kuvishikilia, tia hewa hadi kPa 200, funga hewa na uangalie geji. Watengenezaji wengi hukubali ishuke kPa 35 hadi 50 ndani ya sekunde 15. Ikishuka zaidi, intakula itengenezwe au ibadilishwe. Usisimame mbele ya kizibo wakati wa kujaza. Kikichomoka kinaweza kuua. Viungo vya mipira vipimwe kwa maji ya sabuni.

Intakula huziba kwa nje pia. Kwenye ekskaveta mara nyingi hukaa sambamba na radieta na kipoza oili ya haidroliki, na mahali penye vumbi na majani nafasi kati yake hujaa uchafu usioonekana hadi utoe kinga. Hewa isiyopozwa ni nyepesi, na hewa nyepesi ina oksijeni chache. Kama moshi huwa mwembamba asubuhi na mnene kuanzia saa sita mchana, anza hapa.

Sasa turbo yenyewe. Injini ikiwa imepoa na imezimwa, toa mpira wa upande wa hewa, uzungushe gurudumu kwa kidole. Lazima lizunguke bila kukwaruza, hata ukilisukuma pembeni huku unalizungusha. Mcheza wa mbele na nyuma hupimwa kwa daigeji (geji ya mshale ya kupima mwendo mdogo sana), na kwa turbo nyingi ni sehemu za kumi za milimita kushuka chini: ukiusikia wazi kwa mkono, umezidi. Tazama ncha za mapanga. Zikiwa zimelika au kung'olewa, mchanga umepita. Oili nyembamba iliyopaka tu ndani ya mpira haina shida, hasa kama pumzi ya injini inarudishwa kwenye njia ya hewa. Oili iliyotuama ni habari nyingine.

Usisahau upande wa kutokea. Sailensa iliyoporomoka ndani, au bomba la ekzosi lililobonyezwa na jiwe, huizuia turbo isizunguke kwa kasi yake. Pima presha ya nyuma baada tu ya turbo, mtambo ukiwa kwenye mzigo. Kwa injini nyingi zisizo na chujio la masizi haitakiwi kupita karibu kPa 10, sawa na mita moja ya maji. Ufa kwenye manifoldi ya ekzosi, kabla ya turbo, huleta matokeo yaleyale kwa sababu nguvu ya kuizungusha turbo inatorokea nje. Utauona kwa masizi meusi pembezoni mwa gasketi.

Jambo moja ambalo hakuna spana italitibu: hewa hupungua uzito kwa karibu asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Turbo hufidia sehemu kubwa, lakini mtambo uliohamishwa kutoka bondeni kwenda kwenye mwinuko wa mita 2,000 unaweza kuanza kutoa moshi bila kitu chochote kuharibika. Mwongozo wa injini hueleza kiasi cha dizeli cha kupunguza.

Kipimo kitakachokata kesi

Katika vipimo vyote, hiki ndicho kinachostahili kufanywa hata kama huwezi kufanya vingine. Unganisha geji ya presha kwenye manifoldi ya hewa, baada ya intakula, kwa mrija mrefu unaofika kwenye kiti cha opereta. Weka pia kifaa cha kupima mwendo wa injini. Pasha mtambo hadi maji yawe kati ya nyuzi 80 na 90 za Selsiasi na oili ya haidroliki iwe angalau nyuzi 50.

Kwanza soma mwendo wa juu kabisa bila mzigo. Ukiwa chini ya ule wa mwongozo, rekebisha kwanza kebo au mota inayovuta resi. Injini isiyofika mwendo wake hushikwa na mzigo mapema, na utawinda ugonjwa usiokuwepo.

Kisha chimba ardhi ngumu kwa nguvu zote. Kushikilia silinda ya haidroliki mwisho wake hadi valvu ya rilifu (inayoachia presha ikizidi) ifunguke ni njia ya haraka, lakini haitoshi kwa kila mtambo, kwa sababu pampu nyingine za haidroliki hujipunguza zenyewe presha ikifika juu na injini haipati mzigo wake kamili. Ukitumia njia hiyo, usizidishe sekunde kumi kwa mara moja, oili isije ikachemka.

Presha ya turbo ikiwa chini ya namba ya mwongozo huku moshi mweusi ukitoka, tatizo liko kwenye hewa: mvutano, uvujaji, turbo au ekzosi. Rudi juu, usiguse pampu. Presha ikiwa sawa au zaidi, lakini mwendo unaanguka kupita kiwango, injini inazidiwa. Presha ikiwa sawa, mwendo umeshika vizuri na moshi bado ni mweusi, hapo ndipo tunapoingia upande wa dizeli: nozeli, taimingi (wakati dizeli inapopulizwa), mgandamizo, na mwishoni pampu.

Injini isiyo na kosa

Kwenye roli ukikuta moshi unalaumu injini na mara nyingi una haki. Kwenye ekskaveta injini inaweza kuwa nzima na bado ikamwaga moshi kwa kosa la haidroliki. Pampu kuu ya haidroliki ina kidhibiti kinachopunguza ujazo wake kadiri presha inavyopanda, ili nguvu inayoomba isizidi ile ambayo injini inayo. Kidhibiti kikikwama, kikirekebishwa vibaya baada ya ukarabati, au waya wa valvu yake ya umeme ukikatika, pampu huendelea kusukuma oili nyingi kwenye presha kubwa. Injini hushushwa mwendo, gavana (kidhibiti mwendo cha pampu ya dizeli) husukuma dizeli hadi mwisho, turbo hupunguza kasi, na moshi hutoka.

Namna ya kutambua: tumia silinda moja tu ya haidroliki, mfano ya ndoo, kisha mbili kwa pamoja, kisha tatu. Kama mwendo unashika vizuri kwa silinda moja na kuporomoka zikifanya kazi kwa pamoja, na presha ya turbo ilikuwa nzuri kabla ya kuporomoka, mshuku kidhibiti. Angalia kwanza soketi na waya za valvu hizo za umeme. Kutu kwenye pini moja inatosha. Angalia pia kama kuna aliyekaza valvu ya rilifu ili ndoo "iwe na nguvu". Presha kuu ipimwe kwa geji na kurudishwa kwenye namba ya mwongozo. Kwenye shoveli na greda, ongeza uchunguzi wa breki zinazoshika na toki konvata (kiungo cha oili kati ya injini na gia).

Nozeli mpya nazo zikaguliwe

Kubadilisha nozeli hakuthibitishi kwamba nozeli ni sahihi. Linganisha namba zilizochongwa kwenye ncha ya mpya na za zamani. Idadi na pembe ya matundu vikitofautiana, dizeli hupiga ukuta wa silinda badala ya kikombe cha pistoni. Uliza presha ya kufungukia iliwekwa ngapi kwenye mashine ya kupimia: kwa nozeli za pampu ya kawaida mara nyingi ni kati ya bar 200 na 260, na zote sita zinapaswa kulingana. Kisha kuna kosa dogo linaloharibu kazi nzima: washa (pete bapa ya kuziba) ya shaba ya zamani kubaki imenata ndani ya shimo, na mpya ikawekwa juu yake. Nozeli hukaa juu kuliko inavyotakiwa kwa unene wa washa moja, na mpulizo wote hukosea shabaha. Hesabu washa zilizotoka. Zikiwa chini ya sita, chungulia mashimoni kwa tochi.

Moshi mweupe wa asubuhi

Mweupe unaochoma macho na kunuka dizeli ni mafuta yaliyopata joto la kugeuka mvuke lakini si la kuwaka. Injini baridi yenye saa 9,000 ikitoa huo kwa dakika mbili na kukata, si jambo la kukunyima usingizi, ila linakuambia joto la mgandamizo halipatikani haraka. Hakikisha hita ya hewa au plagi za kupashia zinafanya kazi, na stata inazungusha injini kwa kasi. Betri dhaifu peke yake inatosha kuleta moshi huu. Temostati iliyokwama wazi pia huiacha injini ikiwa baridi kwa muda mrefu.

Kama injini inatetema wakati huo, kuna silinda isiyowaka. Dakika ya kwanza baada ya kuwasha, elekeza kipimajoto cha mwanga (kisichogusa) kwenye kila tundu la manifoldi ya ekzosi. Silinda mbovu itaachwa nyuma kwa makumi ya nyuzi, nawe utajua pa kufungua bila kubahatisha.

Unganisho la mweupe asubuhi na mweusi kwenye mzigo lina jina lake: taimingi iliyochelewa. Dizeli ikiingia kwa kuchelewa, injini baridi haiwahi kuiwasha na injini ya moto haiwahi kuimaliza, na ekzosi huwa ya moto kupita kawaida. Taimingi hukaguliwa pampu ikiwa mahali pake, kwa alama za flaiwili (gurudumu zito la injini) na nyuzi zilizoandikwa kwenye kibati cha injini. Kazi hii ifanyike kabla ya kushusha chochote, kwa sababu pampu ikishatoka ushahidi umepotea.

Ukipima mgandamizo, tumia geji ya dizeli inayofika bar 70. Ya petroli itapasuka. Injini nyingi za aina hii hutoa bar 25 hadi 35 zikizungushwa na stata, na tofauti kati ya silinda haitakiwi kuzidi asilimia 10. Usitie oili silindani kujaribu ringi kama inavyofanywa kwenye petroli. Nafasi juu ya pistoni ya dizeli ni ndogo mno. Oili kidogo hudanganya kipimo, na nyingi inaweza kupinda koni rodi (mkono wa pistoni).

Mweupe usiokata hata injini ikipata moto, wenye harufu tamutamu, huku maji ya radieta yakipungua bila kuonekana yanakomwagika, ni maji yanayoingia silindani kupitia gasketi, hedi iliyopasuka au laina (ukuta wa silinda) iliyotoboka. Tia presha kwenye radieta ikiwa baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko chake, uache usiku kucha. Asubuhi, kabla ya kuwasha, zungusha injini kwa mkono. Ikikataa, usibonyeze stata: maji yamejaa juu ya pistoni.

Ikigeuka kuwa ya bluu

Hujataja moshi wa bluu, lakini kwa saa hizo uko njiani. Bluu ni oili. Kabla ya kulaumu ringi, chomoa kijiti cha oili. Kiwango kilichopanda chenyewe kina maana tatu. Kama oili inanuka dizeli na imekuwa nyepesi, sili ya pampu ya dizeli au ya pampu ndogo inavuja kuingia kwenye injini. Kama imegeuka rangi ya maziwa, ni maji. Ya tatu husahaulika sana: pampu ya haidroliki inayoendeshwa na gia za injini ikichoka sili ya shafti, huisukuma oili yake ndani ya injini, na mwenye mtambo hushangaa kwamba injini "haili oili" ilhali tangi la haidroliki linashuka. Endelea kuongeza haidroliki bila kutafuta inakokwenda na mwisho wake ni bluu nzito.

Bluu inayotoka baada ya injini kunguruma muda mrefu bila kazi, kisha ikapungua kwenye mzigo, huelekeza kwenye sili za valvu, au turbo ambayo mrija wake wa kurudisha oili umeziba au umepinda. Fungua mrija huo kabla ya kununua turbo. Turbo nyingi nzima hutupwa kwa sababu ya mrija mchafu. Bluu inayozidi na mzigo, pamoja na upepo mkali kwenye kifuniko cha kuongezea oili, ni ringi na laina. Hapo peleka sampuli ya oili maabara: silikoni ikiwa juu pamoja na chuma na aluminiamu, mchanga uliingia kupitia njia ya hewa, na ukifanya ovahoo bila kuziba njia hiyo, ringi mpya nazo zitakwisha. Andika pia lita za oili unazoongeza kwa kila lita 1,000 za dizeli. Ikifika lita 5, injini nyingi huwa zimekaribia kufunguliwa.

Oili nyeusi yenye majimaji inayochuruzika kwenye ekzosi ya mtambo unaoachwa ukinguruma nusu siku ni tofauti. Injini haipati joto la kuunguza, ringi hazikai vizuri, na mchanganyiko wa dizeli na oili hutoka. Ipe kazi nzito kwa saa kadhaa uone kama inakoma, na uzime mtambo usipofanya kazi zaidi ya dakika tano, ukiacha tu dakika tatu hadi tano za kupoza turbo baada ya kazi nzito.

Turbo ikipasua sili vibaya, injini inaweza kuanza kujiendesha kwa oili yake yenyewe, mwendo ukapanda na kuzima kwa swichi kukashindikana. Kinachoizima ni kuinyima hewa. Ziba mdomo wa hewa kwa ubao mnene au bamba la chuma, kamwe si kwa kiganja wala kitambaa.

Mitambo mipya

Wenye injini za komon reli (bomba moja la presha kubwa linalolisha injekta zote kwa amri ya kompyuta) wasome hayo juu kwa tahadhari moja kubwa. Zamani silinda mbovu ilitafutwa kwa kulegeza nati ya bomba la nozeli moja moja. Kwenye komon reli presha hufika bar 1,600 na zaidi. Dizeli ikitoka kwenye ufa hupenya ngozi na kuingia mwilini, na jeraha hilo ni la kukimbizwa hospitali hata kama linaonekana kama tundu la sindano. Silinda huzimwa kwa kifaa cha kompyuta, na injekta huchunguzwa kwa kupima kiasi kinachorudi kwenye mrija wa marejeo wa kila moja.

Mtambo wenye chujio la masizi hautakiwi kutoa moshi mweusi hata kidogo. Ukiona masizi mdomoni mwa bomba, chujio limepasuka au limetolewa. Chujio zima, kwa upande wake, huficha ugonjwa: hewa ikivuja hutaona moshi, utaona chujio linaomba kujichoma kila mara.

Lini sasa ushushe pampu

Kama mvutano wa filta uko sawa, presha ya turbo imefika namba yake, mwendo umeshika, haidroliki iko kwenye presha yake, nozeli ni sahihi, tapeti (nafasi za valvu) zimepimwa, taimingi na mgandamizo vimekubalika, na moshi mweusi bado upo, pampu inamwaga dizeli kupita kiasi. Kabla ya kufungua nati, tazama lakiri ya skrubu ya kiwango cha juu cha dizeli. Ikiwa imekatwa, kuna aliyeigusa akitafuta nguvu, na huenda hicho ndicho chanzo chote. Kama pampu ina kidhibiti moshi, kile kikombe chenye diaframu kinachopokea hewa ya turbo kwa mrija mwembamba, kikague pia: mrija uliopasuka huleta udhaifu usio na moshi, ila kidhibiti kilichokazwa vibaya hutoa dizeli kabla hewa haijafika.

Pampu isirekebishwe kwa sikio ikiwa mtamboni. Weka injini kwenye alama ya silinda ya kwanza, chora mstari kati ya flanji ya pampu na kesi ya gia, kisha ipelekwe kwenye benchi la kupimia pamoja na namba ya kibati cha pampu, namba ya injini na mwinuko wa mahali unapofanyia kazi. Omba karatasi ya matokeo yenye kiasi cha dizeli cha kila silinda, kabla na baada ya kurekebishwa. Karatasi ya "kabla" ikionyesha kwamba pampu ilikuwa ndani ya kiwango, irudishe kama ilivyo na uanze tena na geji ya turbo.